Maji yaliyoingia sikioni: yako upande gani wa ngoma?

Jumamosi saa nne asubuhi, kando ya kidimbwi chochote cha kuogelea hapa Nairobi, utamkuta mtu huyu. Ametoka majini sasa hivi, taulo begani, kichwa kakiinamisha upande, anaruka kwa mguu mmoja huku akijipiga kofi juu ya sikio. Anaruka mara kumi, anatulia, anasikiliza. Haridhiki. Anatia kidole cha mwisho na kukizungusha kama anayekoroga uji. Hapo ndipo anapomgeukia jirani na kuuliza, "Una kifuniko cha biro?"

Nimewahi kuwa mtu huyo. Kifuniko nilipewa, nikakitumia, na kwa siku tisa zilizofuata sikuweza kulalia upande wa kushoto wala kutafuna chapati bila kukunja uso. Nilipofika kliniki, kijana aliyenichunguza kwa ile tochi ndogo ya sikio aliangalia, akaguna, akasema, "Mzee, maji yangekauka yenyewe. Hii ni kazi ya mkono wako."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza maswali kuhusu jambo hili zaidi ya inavyofaa kwa mtu asiye daktari. Nililolielewa ni kwamba sisi hukimbilia swali la pili, yaani nitayatoaje, kabla ya kulijibu la kwanza: yako wapi? Na je, ni maji kweli? Maana ziko hali kadhaa, zisizohusiana kabisa, ambazo mtu huzielezea kwa maneno yale yale: "Sikio limeziba, nasikia kama nina maji." Linaloisaidia moja linaweza kuiharibu nyingine.

Kichochoro chenye kona

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Halijanyooka. Linapinda kama herufi S iliyovutwa, linabanwa mahali fulani katikati, na mwisho wake umezibwa na ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba ambayo vitabu vya shule huiita kiwambo. Theluthi ya kwanza kutoka nje ni gegedu, inapindika ukiivuta, na huko ndiko kwenye vinyweleo na tezi za nta. Sehemu iliyobaki ni mfupa uliofunikwa kwa ngozi nyembamba mno, isiyo na mafuta chini yake ya kuikinga. Ndiyo maana ukigusa huko ndani kwa kijiti unaruka: hakuna godoro kati ya ngozi na mfupa.

Tena ngoma yenyewe haisimami wima kama mlango. Imelala mshazari, na mbele yake kwa chini pana kibonde. Maji yakivuka ile sehemu iliyobanwa, hapo kwenye kibonde ndipo hutulia.

Lakini kwa nini yasitoke ukiinamisha kichwa? Nenda jikoni uchukue ile chupa ndogo kabisa ya vanila au ya rangi ya keki, ijaze maji, uipindue. Haimwagi. Chupa ya lita moja ingemwaga kwa makeke yote, ila hii yenye shingo nyembamba hushikilia tone mdomoni na kukutazama. Kuna mambo mawili yanayofanya kazi hapo. La kwanza ni mvutano wa uso wa maji, ile hali inayofanya maji yawe kama yana ngozi, hata mdudu mdogo akaweza kusimama juu ya kisima bila kuzama. Katika mrija mwembamba ngozi hiyo hushika kuta pande zote na kulibeba tone. La pili ni hewa: chupa imefungwa upande wa pili, kwa hiyo maji yakitaka kutoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na pa kupitia hakuna. Sikio ni chupa hiyo hiyo, ngoma ikiwa ndiyo kitako.

Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Virginia Tech, Marekani, waliamua kulipima jambo hili. Walitumia mirija ya kioo na mifano ya tundu la sikio iliyochapishwa kwa mashine ya 3D, wakatia maji, wakatafuta mtikiso unaohitajika kuyang'oa. Kwa tundu la ukubwa wa sikio la mtoto mchanga walipata takriban mara 10 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Walionya kwamba kumtikisa mtoto mdogo kiasi hicho kunaweza kumdhuru ubongo. Kadiri tundu linavyokuwa jembamba ndivyo maji yanavyong'ang'ania; mtu mzima ana tundu pana zaidi, kwa hiyo kwake nguvu inayotakiwa ni ndogo. Hata hivyo, tangu nisome habari hiyo, nikimwona mzazi amemshika mtoto wa miaka mitatu na kumtikisa kichwa kama chupa ya sharubati, moyo hunidunda.

Nta si uchafu

Hapa kuna kesi ambayo nta imekuwa ikishindwa bila kusikilizwa. Tumelelewa tukiambiwa tutoe uchafu masikioni, na mama akikagua shingo na masikio kabla ya kwenda kanisani alikuwa hana mzaha. Lakini nta ni kinga. Ina mafuta, kwa hiyo maji huteleza juu yake badala ya kulowesha ngozi. Ina asidi kidogo, na vijidudu vingi havipendi asidi. Na haihitaji kuchokolewa: ngozi ya ndani ya sikio husogea polepole kutoka kwenye ngoma kuelekea nje, ikibeba nta na vumbi lililonaswa, kama mkanda wa mizigo pale uwanja wa ndege. Kutafuna na kuongea husaidia kuisukuma. Ikifika mlangoni, unaifuta kwa kitambaa.

Kijiti cha pamba huurudisha mkanda huo nyuma. Kile kinachotoka na rangi ya kahawia kwenye ncha ndicho kinachotudanganya kwamba kazi imefanyika. Kilichobaki kimeshindiliwa ndani zaidi, kama unga kwenye kopo. Kisha siku moja unaoga, maji yanaingia, nta iliyoshindiliwa inayanywa na kuvimba, na ghafla dunia inasikika kama iko chini ya blanketi. Unaapa kwamba una maji sikioni. Maji yalikuwa machache tu, na huenda yamekwisha. Ulicho nacho sasa ni kizibo.

Namna ya kutofautisha

Maji halisi ndani ya tundu husogea. Ukiinama kulia unasikia gluk, ukiinama kushoto kuna kitu kinatembea, na sauti yako mwenyewe inavuma halafu inaacha. Ilianza pale pale ulipotoka majini au bafuni, au ulipoinuka kutoka kwenye sinki la saluni. Mara nyingi ndani ya saa chache, au usiku mmoja wa kulalia upande huo, imeisha.

Nta iliyovimba haisogei. Sikio limezibwa tu, zito, kulia na kushoto ni sawa, na kesho yake liko vile vile, na keshokutwa pia.

Halafu kuna maji yaliyo nyuma ya ngoma, na hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo, hasa kwa watoto. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, kinachounganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Mtoto akipata mafua, mrija huvimba na kuziba, na chumbani hujikusanya majimaji, wakati mwingine mazito kama gundi. Hayo hayakutoka kidimbwini. Ngoma ikiwa nzima, maji ya kuogelea hayana njia ya kuingia huko. Ni ukuta usiopitisha. Na kwa sababu hiyo hiyo, hakuna kuruka kwa mguu mmoja, wala siki, wala mashine ya kukaushia nywele itakayoyafikia. Mtoto anayeongeza sauti ya televisheni kila siku, au ambaye mwalimu anasema "haskii", na hajaogelea tangu likizo ya Aprili, usimlaumu kwa kutojikausha vizuri. Anahitaji kuangaliwa na daktari.

Kujifukiza kwa maji ya moto chini ya shuka, ambako nyumba nyingi hapa hufanya mafua yakija, mtu anaweza kuona nafuu ya pua. Maji yaliyo katika tundu la nje hayahusiki na mvuke huo kwa njia yoyote. Na chungu cha maji yanayochemka karibu na mtoto ni hatari kuliko sikio lenyewe.

Safari ya Mombasa

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo dogo kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Ukishuka Mombasa, hewa ya huko inaisukuma ngoma kuelekea ndani, na chumba kilicho nyuma yake kinapaswa kupokea hewa zaidi kupitia ule mrija ili kusawazisha. Tatizo ni kwamba mrija huo una tabia ya mlango wa njia moja: hutoa hewa kwa wepesi, huingiza kwa shida. Kwa hiyo kupanda kutoka pwani kwa kawaida hakutusumbui sana, bali kushuka. Kwa gari moshi la SGR unashuka kwa saa kadhaa na kila ukimeza mate mrija unafunguka kidogo. Kwa ndege mteremko wote ni dakika chache, na ukiwa na mafua mlango haufunguki kabisa.

Sasa fuata hadithi. Familia inatua Mombasa mchana, masikio ya baba yameziba kidogo lakini hajali kwa sababu ya furaha. Saa kumi wako baharini. Jioni anagundua hasikii vizuri upande mmoja, na anakumbuka jambo moja tu: niliogelea. Basi bahari inabeba lawama. Anatiwa mafuta ya nazi, anatiwa maji ya chumvi ya vuguvugu, mtu wa hotelini anamwelekeza alalie mchanga wa moto. Maji hayamo. Kilichotakiwa ni kumeza mate, kupiga miayo, kutafuna kitu, au kubana pua na kupuliza polepole mdomo ukiwa umefungwa, polepole kweli, sio kama anayepuliza baluni.

Kubana pua na kupuliza huko, kwa njia, hakutoi maji ya kidimbwi. Watu wengi hufanya hivyo kando ya maji wakidhani yatasukumwa nje. Hewa hiyo inaishia nyuma ya ngoma, inaisogeza ngoma kidogo tu, na ukiwa na mafua unaweza kupeleka makamasi na vijidudu vyake mahali visipotakiwa.

Yakiwa ni maji kweli

Anza na lililo rahisi na la bure. Laza sikio hilo chini, juu ya taulo, na ulivute. Kwa mtu mzima shika sehemu ya juu ya sikio uivute juu na nyuma, ile kona inanyooka. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hivi, tundu lake lina mwelekeo tofauti: vuta ile nyama laini ya chini ya sikio nyuma na chini. Ukiwa umelala hivyo tafuna, piga miayo, sogeza taya huku na huko. Gegedu inapopindika umbo la tundu hubadilika, tone linapoteza mshiko wake ukutani, hewa inapata upenyo. Dakika mbili au tatu. Watu hushindwa njia hii kwa sababu wanaipa sekunde nne.

Kiganja pia hufanya kazi. Inamisha kichwa, sikio likielekea chini, liweke juu ya kiganja kilichokunjwa kama kikombe, libane kabisa hewa isipite, kisha nyoosha na ukunje kiganja kwa zamu. Unatengeneza mnyonyo mdogo. Fanya hivyo sikio likiwa chini tu. Likiwa juu unayasukuma maji ndani. Na usipige. Kofi lililopigwa wazi juu ya sikio laweza kuipasua ngoma kwa shinikizo la hewa, na hilo si jambo la kusadikika tu, hospitali huliona.

Kuna ujanja mmoja unaoonekana kama wendawazimu: kuongeza maji. Tone dogo lililonaswa kwenye kibonde ni jepesi mno kushinda mvutano wake. Ukiongeza matone machache ya maji safi sikio likiwa juu, ukasubiri kidogo kisha ukageuka haraka, yote huungana na uzito huyavuta yakatoka pamoja. Waogeleaji wa zamani wanaujua. Sharti lake ni moja na ni zito: maji yawe na joto la mwili. Mfereji wa Nairobi mwezi wa Julai unatoa maji yanayoweza kukuangusha, na sisemi kwa kutia chumvi. Maji baridi yakiigusa ngoma hupoza majimaji ya kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio, yanaanza kuzunguka, na ubongo unaamini kwamba ni wewe unayezunguka. Róbert Bárány, daktari wa Vienna, aliliona hilo kwa wagonjwa aliokuwa akiwaosha masikio, akalichunguza, na kazi yake kuhusu kiungo hicho cha mizani ikampa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Alikuwa mfungwa wa kivita nchini Urusi habari zilipomfikia. Kwa hiyo ukiona dunia inapinduka bafuni baada ya kujipigia maji baridi sikioni, kaa chini, itapita.

Mashine ya kukaushia nywele inasaidia kukausha mabaki. Iwe kwenye kiwango cha chini kabisa cha joto na upepo, umbali wa sentimita 30 hivi, usiiache ituame mahali pamoja, na kwa mkono mwingine vuta sikio. Ikiunguza mkono wako itaunguza na sikio. Usiitumie ukiwa bado umesimama kwenye maji ya bafu. Nataja kwa sababu nimemwona mtu.

Siki na spiriti

Wale watafiti wa mwaka 2019 walisema jambo ambalo wauza dawa wengi walishalijua kwa uzoefu: tia kitu chenye mvutano mdogo wa uso, kama alkoholi au siki, na maji hulegeza mshiko. Alkoholi hufanya kazi ya ziada, huchanganyika na maji na kuyafanya yakauke upesi. Siki nayo hurudisha asidi ambayo maji yameiosha, ili bakteria na kuvu wasipate makazi. Mchanganyiko unaopendekezwa sana ni kiasi sawa cha siki nyeupe na alkoholi ya kusuguliwa ngozini, usiozidi kijiko kidogo cha chai kwa sikio moja, unaingia, unakaa kidogo, unamwagwa.

Hapa inabidi nipunguze mwendo, kwa sababu ni hapa watu huumia. Siki ni ile nyeupe ya jikoni ya dukani, yenye asidi ya asilimia 5 hivi, si asidi kali inayouzwa kwa kazi nyingine. Alkoholi ni ile ya kemisti kwa ajili ya ngozi. Ile spiriti yenye rangi ya kuwashia stovu huwa na methanoli, isikaribie sikio. Kitakasa mikono nacho kina jeli na manukato, acha kibaki mikononi. Kama ukikosa kilicho sahihi, ziko dawa za matone ya kukausha masikio zilizotengenezwa tayari. Nenda kemisti ueleze shida yako vizuri. Pale kaunta kila mtu humwita mhudumu "daktari", na hilo ni sawa kwa heshima, lakini muulize pia kama ngoma ikiwa na tundu dawa hiyo inafaa. Baadhi ya matone ya viuavijasumu yakipenya hadi ndani hudhuru usikivu.

Maana sharti kuu la matone yoyote ni ngoma nzima. Kama umewahi kutoboka ngoma, kama sikio lilikuwa likitoa usaha utotoni, kama mtoto amewekewa vile vijirija vya kupitisha hewa kwenye ngoma, kama sasa hivi kuna maumivu au kuna kitu kinatoka, usitie chochote. Wala usimjaribishie mtoto mdogo mchanganyiko wa siki kwa sababu wewe ulikusaidia. Ukitia ukahisi moto mkali au ladha ya siki kooni, ina maana kuna njia ambayo haikupaswa kuwepo: acha, nenda ukaangaliwe.

Mafuta ya shosho

Shosho wa watoto wangu ana chupa ya mafuta ya zeituni kabatini na imani isiyotikisika. Mtoto akisema sikio, chupa inapashwa moto. Nilichukua muda kumweleza, na bado sijui kama nilifaulu, kwamba nusu ya asemayo ni kweli. Mafuta hulainisha nta. Kwa sikio lililozibwa na nta, ngoma ikiwa nzima, matone machache ya mafuta ya vuguvugu kwa siku kadhaa ni njia inayokubalika hata na madaktari. Lakini kwa sikio lenye maji, fikiria kinachotokea unapomimina mafuta juu ya maji kwenye sufuria. Yanaelea. Sikio likiwa juu, maji yako chini kwenye kibonde, mafuta yanakaa juu yake kama mfuniko. Umeyafungia ndani.

"Mama," nilimwambia, "haya ni ya nta, si ya maji."

"Na wewe ulitumia nini siku ile," akaniuliza, "si kifuniko cha kalamu?"

Sikuwa na jibu.

Peroksaidi ya haidrojeni inayotoa povu nayo iko kwenye kundi hilo hilo: ya nta, yenye masharti, na povu lake linaacha unyevu zaidi. Mishumaa ya masikio iache kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekuwa ikionya dhidi yake kwa kuwa huunguza watu na hainyonyi chochote. Ile nta inayoonyeshwa mwishoni ni ya mshumaa wenyewe.

Sikio la muogeleaji

Maji yakikaa, ngozi hulainika kama vidole vya anayefua siku nzima. Ongeza mkwaruzo mmoja wa kijiti, kucha au njiti ya kiberiti, na bakteria wanaopenda majimaji, hasa Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus, wanapata mlango. Ndicho kilichonipata mimi. Huanza kwa mwasho, mwasho mtamu unaokualika ukune zaidi, kisha unageuka maumivu. Kipimo chake cha nyumbani ni rahisi: bonyeza kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu, au vuta sikio taratibu. Ukiruka, ni tundu la nje. Maambukizi ya nyuma ya ngoma kwa kawaida hayaongezeki kwa kuvuta sikio. Kukiwa na mwasho usiokwisha na vitu kama majivu au ukungu ndani, huenda ni kuvu, na hapo viuavijasumu vya kawaida huzidi kulisha tatizo.

Tiba yake kwa kawaida ni matone yaliyoandikwa na mtu aliyeangalia ndani, si vidonge, na kuliweka sikio kavu siku kadhaa. Mwenye kisukari, au mwenye kinga dhaifu, asisubiri hata siku mbili: kwake maambukizi haya yanaweza kuingia mfupani. Vivyo hivyo ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa, kizunguzungu kisichoisha, uso kulegea upande mmoja, au usikivu uliopotea ghafla. Hiyo ni hospitali leo, na kliniki za masikio, pua na koo zipo, ya Kenyatta ikiwa mojawapo.

Mtoto anayetoa usaha sikioni hapuliziwi wala haoshwi. Kliniki zetu hufundisha kumkausha kwa utambi: kitambaa safi laini au karatasi ya shashi inasokotwa, inawekwa sikioni taratibu mpaka inyonye, inatolewa, inawekwa nyingine mpaka itoke kavu, mara tatu kwa siku, pamoja na dawa aliyopewa. Watu huuliza tofauti ya utambi na kijiti. Utambi hauna mfupa.

Saluni, vipokea sauti na mengine madogo

Si lazima uogelee. Mke wangu hupata maji sikioni mara nyingi zaidi yangu, na hajawahi kuingia kidimbwini. Ni lile sinki la saluni, shingo imelazwa nyuma, dada anasuuza huku akiongea na mwenzake wa kiti cha pili. Siku hizi humwambia mapema, "Dada, nipe pamba kidogo kwanza," anaipaka mafuta mazito ya kujipaka, anaziba mlango wa sikio tu bila kusukuma ndani. Mafuta huzuia maji yasipite kwenye pamba. Njia hiyo hiyo ndiyo hupewa wenye ngoma iliyotoboka wakati wa kuoga. Pamba kavu peke yake hunywa maji na kuyaweka pale pale.

Vipokea sauti vya kuchomeka sikioni ni tatizo jipya. Unatoka bafuni, tundu bado lina unyevu, unachomeka, unapanda matatu kutoka Rongai hadi mjini na foleni ni ya saa moja na nusu. Umefunika chungu kikiwa na mvuke. Subiri sikio likauke kwanza.

Mwanangu sasa ana miaka kumi na moja. Akitoka majini hutandika taulo kwenye saruji iliyopata jua, analala ubavu, anavuta sikio, anatafuna kipande cha mkate kwa mwendo wa polepole unaowachekesha wenzake. Mimi hukaa kando yake nikishika viatu. Hufika mahali uso wake hubadilika ghafla, kwa sababu tone linapotoka huwa na joto. Limekaa ndani mpaka likashika joto la mwili, na sikio la nje limepoa kwa upepo. "Baba, yametoka," anasema, na anakuwa tayari amesimama, anauliza kama bado kuna pesa ya chipsi.